Mwenye mbwa hataki kulipa: je, nimzuie mbwa wake?

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Naishi Ruiru na kazi yangu ni kukaa na mbwa wa watu wakisafiri. Tarehe 20 Desemba mama mmoja aliniletea mbwa wake, German Shepherd wa miaka minne, akasema atamchukua tarehe 3 Januari. Tulikubaliana shilingi 800 kwa siku, akanitumia nusu kwa M-Pesa. Kabla hajamleta nilimwandikia WhatsApp kwamba mbwa akipata shida nitampeleka kliniki, akanijibu kwa kidole gumba. Tarehe 23 jioni mbwa alikataa chakula, nikadhani anamkumbuka mwenyewe. Tarehe 24 alilala tu. Krismasi asubuhi akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa, nikakodi gari nikamkimbiza kliniki. Walipima damu wakasema ni babesia, wakamdunga sindano, wakamwekea dripu, akalazwa siku mbili. Bili ilikuwa 13,400 na niliilipa mimi. Nilikuwa nimempigia mama yule mara moja, akawa mteja. Alijua tarehe 27, aliponipigia mwenyewe. Sasa anasema kupe walitoka kwangu, hatalipa bili wala salio, tena anataka nimlipe fidia. Nimemwambia mbwa hatoki hapa mpaka pesa ifike. Leo ni tarehe 9 Januari, na amenitangaza kwenye grupu la mtaa wao kuwa mimi ni mwizi wa mbwa. Je, nina haki ya kumzuia? Na bili ni ya nani?

JIBU: Ndugu yangu, mrudishe mbwa. Mrudishe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii kama unaweza, halafu urudi tuzungumze pesa. Najua hilo silo jibu ulilolitaka. Umelipa bili ya mtu kutoka mfukoni mwako wakati wa Krismasi, umeitwa mwizi, na kitu pekee kilicho mikononi mwako ni huyo mbwa. Lakini kila siku anayolala kwako unapoteza kesi ambayo kwa maoni yangu ungeishinda.

Mimi ni daktari wa mifugo, si wakili. Haya ya sheria nimeyajua kwa njia ya taabu: kwa kuitwa kutoa ushahidi, na kwa kukaa katikati ya watu wawili wanaogombana huku mbwa mwenyewe akilala miguuni pa wote wawili.

Sheria humwona mbwa kuwa mali. Ukikabidhiwa mali ya mtu uitunze kisha uirudishe, umeshika amana, na kwa mwenye kushika amana mzigo umegeuka. Kitu kikipotea au kikiharibika kikiwa kwako, si mwenyewe anayepaswa kuthibitisha kwamba ulizembea. Ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba ulitunza kama mtu mwangalifu angetunza. Hilo watu wengi wa kazi yako hawalijui. Wanasubiri mwenye mbwa alete ushahidi, kumbe macho yote yanawatazama wao.

Sasa, je, mwenye kushika amana anaweza kuizuia mpaka alipwe? Fundi akishona suti yako anaweza kuishikilia mpaka umlipe, kwa sababu ameiongezea thamani kwa jasho lake. Aliyelisha tu mnyama hana haki hiyo, ila kama mlikubaliana waziwazi tangu mwanzo. Mwaka 1839, katika kesi ya Jackson na Cummins, mahakama ya Uingereza ilisema kwamba mtu aliyechunga na kulisha ng'ombe wa mwenzake hawezi kuwazuia kwa ajili ya malipo yake. Usicheke ukasema hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Judicature Act yetu, Sura ya 8, inasema mahakama za Kenya zitafuata sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya majaji, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, pale ambapo hatuna sheria yetu ya kusema vingine na mradi hali ya hapa inaruhusu. Kwa hiyo wale ng'ombe wa 1839 wako nawe hapo Ruiru.

Na kuna farasi mmoja ambaye nataka umjue, kwa sababu kisa chake karibu ni chako. Farasi huyo alisafirishwa kwa treni nchini Uingereza, akafika stesheni usiku, na hakuna mtu aliyekuja kumpokea. Watu wa reli wangefanya nini, wamwache barabarani? Wakampeleka kwenye zizi la kukodisha. Mwenyewe alipojitokeza alikataa kulipa gharama za zizi, akaondoka bila farasi. Mwishowe kampuni ilimpelekea farasi wake mpaka shambani, ikalipa zizi pauni 17, kisha ikamshtaki. Mwaka 1874 mahakama ikaamua kampuni irudishiwe pesa zake: ilikuwa imeshika amana ya kiumbe hai, haikuwa na budi kumtunza, na aliyetunzwa mnyama wake hawezi kukimbia gharama. Kesi inaitwa Great Northern Railway na Swaffield. Tazama mpangilio wake. Farasi alirudishwa kwanza, pesa zikadaiwa baadaye, na zikapatikana.

Basi bili ya kliniki si sadaka uliyotoa. Ulikuwa na mnyama anayekojoa damu, mwenyewe hapatikani, ukafanya jambo la lazima kwa gharama ya kawaida. Na una ule ujumbe wa WhatsApp. Kidole gumba hakisemi mengi: kinasema alijua ungempeleka kliniki, hakisemi ni kwa shilingi ngapi wala kliniki ipi. Lakini kinatosha kumzuia leo asiseme kwamba hakukuruhusu.

Tuje kwenye kupe, kwa sababu hapa ndipo kazi yangu ilipo, na hapa ndipo mama yule anapokosea zaidi.

Babesia ni kijidudu kinachoishi ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Ndiyo maana ufizi unakuwa mweupe na mkojo unageuka rangi ya kahawa. Kinaletwa na kupe, hilo ni kweli. Lakini kupe haambukizi pale pale anapouma. Kwa kawaida anahitaji kukaa amegandama kwenye ngozi siku mbili au tatu ndipo vijidudu vipite kutoka kwenye mate yake. Baada ya hapo ugonjwa hujificha, mara nyingi siku 10 mpaka wiki tatu, kabla mbwa hajaonyesha dalili. Mbwa wako alikuja tarehe 20 na kukataa chakula tarehe 23. Hesabu kurudi nyuma: maambukizi yanaangukia mwanzoni mwa Desemba mpaka tarehe 13 hivi, mbwa akiwa kwao, kwenye nyasi za kwao. Tena kuna mbwa wanaobeba babesia kimyakimya kwa miezi mingi, na kitu kama kuhamishwa nyumba kikawashtua, ugonjwa ukajitokeza. Kwa vyovyote vile, siku tatu hazitoshi kuwatwika kupe wa Ruiru mzigo huu.

Kabla hujashangilia, jiulize swali ambalo wakili wake atakuuliza: mbwa huyu alishawahi kulala kwako Novemba au mapema Desemba? Kama ndiyo, hesabu yangu yote inageuka dhidi yako. Na uangalie banda lako kwa dhati, si kwa kujitetea. Kupe wa kahawia wa mbwa hakai kwenye nyasi tu. Anataga mayai elfu kadhaa ndani ya nyufa za ukuta na chini ya mbao, na banda likishamwingia, kila mgeni anaondoka na zawadi. Nimewahi kuonyeshwa banda lililopakwa chokaa likang'aa. Nikapitisha kisu kwenye ufa, ufa ukatembea.

Nenda kliniki iliyomtibu uombe karatasi iliyoandikwa na kupigwa mhuri: tarehe aliyofikishwa, hali yake, matokeo ya damu, dawa alizopewa, na maoni ya daktari kuhusu muda ambao ugonjwa huchukua kabla ya kuonekana. Hakikisha aliyesaini amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Karatasi hiyo ina uzito kuliko barua yangu, kwa sababu mimi sikumwona mbwa.

Hesabu hii ya siku ndiyo silaha ya kwanza katika ugomvi wowote wa aina hii, na inakata pande zote mbili. Mbwa mdogo akishikwa na parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, siku ya pili baada ya kufika kwako, alikuja nayo, kwa maana parvo kwa kawaida huchukua siku tatu mpaka wiki moja, hata mbili. Akishikwa siku ya tano baada ya kurudi kwao, wewe ndiye wa kutazamwa. Sumu ya panya ile inayozuia damu kuganda huanza kuonekana siku tatu hadi tano baada ya kuliwa, kwa hiyo mbwa aliyeanza kutokwa damu puani jana hakuila jana. Wakati fulani bwana mmoja alikuja kwangu akiwa amewaka moto: mbwa wake jike amezaa vitoto sita, na anamdai mlezi kwa kumwacha apandwe. Nikamwuliza alimpeleka kwa mlezi lini. Tukahesabu. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na vitoto wale wenye afya, waliotimia, walizaliwa siku 38 baada ya mbwa kufika kwa mlezi. Bwana akanyamaza kidogo, akasema atarudi kuongea na askari wake wa geti.

Basi ugonjwa si wako. Lakini siku zile tatu, tarehe 23 mpaka 25, ni zako.

Tarehe 23 mbwa amekataa chakula. Sawa, mgeni anaweza kukataa chakula siku ya kwanza, hata ya pili. German Shepherd wa miaka minne anayekataa chakula siku ya nne tangu aje, na kesho yake analala tu, huyo hamkumbuki mtu. Huyo anaumwa. Ungemfungua mdomo tarehe 24 ukatazama ufizi, huenda ungeuona umepauka. Ungemtia kipimajoto (mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2) ungejua ana homa. Kwa babesia siku moja ni kubwa: anayekuja na homa tu hutibiwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, anayekuja na mkojo wa kahawa hulazwa. Sehemu ya zile 13,400 imezaliwa na kusubiri kwako.

Na simu moja? Mteja hapatikani, ukaishia hapo? Ujumbe wa maandishi ungemngoja mpaka awashe simu, na leo ungekuwa na saa na tarehe ya kuonyesha. Badala yake mama wa watu aligundua siku nne baadaye kwamba mbwa wake alikaribia kufa, na aligundua kwa sababu yeye ndiye aliyepiga. Mimi nadhani hasira yake yote inatoka hapo. Kupe ni kitu alichokipata cha kushika. Nimeona mara nyingi: mwenye mbwa anayesamehe bili ya elfu ishirini kwa sababu alipigiwa saa nne usiku akaulizwa, na anayekwenda mpaka kwa chifu kwa ajili ya mkufu uliopotea, kwa sababu alifichwa.

Kwa hiyo ukimpelekea mbwa, anza na hilo. Usianze na pesa. Mwambie, «Mama, nilikosa kutokukupata mapema. Ningepaswa kukuandikia tarehe 23, na samahani.» Huko si kukubali kwamba kupe ni wako, ni kukubali kile ambacho ni chako. Kisha mwachie mkononi karatasi ya kliniki, nakala ya risiti, na hesabu moja iliyoandikwa vizuri.

Hesabu yenyewe mimi ningeiweka hivi. Siku 14 kwa 800 ni 11,200, amelipa 5,600, salio 5,600. Hilo ni jasho lako na usilipunguze. Kliniki 13,400. Siku sita za kuanzia tarehe 3 mpaka leo, ambazo kwa bei yako ni 4,800, zisahau kabisa. Ulimshika mbwa kwa hiari yako, huwezi kumtoza mtu kodi ya kufungiwa mali yake. Halafu, kwa ajili ya zile siku za kusubiri, jitolee kubeba 3,400 za kliniki, yeye abebe 10,000. Jumla unamdai 15,600. Ukienda na 15,600 huku umejikata mwenyewe, unaonekana mtu wa haki. Ukienda na 23,800 na mbwa kafungwa nyuma ya nyumba, unaonekana vile alivyokuandika kwenye grupu.

Kuhusu grupu: usijibu. Piga picha ya skrini, tarehe ionekane, uweke. Usimwanike na wewe, usitoe nambari yake wala picha ya nyumba yake. Ukishamrudisha mbwa, neno «mwizi» linabaki bila miguu, na unaweza kumwomba kwa upole alifute kama sehemu ya makubaliano yenu. Wengi hulifuta.

Asipokubali, mtafute mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili, awe mzee wa mtaa, chifu, hata daktari wa mbwa huyo. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inataka upatanisho upewe nafasi, na ugomvi wa elfu kumi na tano hauna haja ya joho. Hilo likishindikana, mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, kisha nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ya kwanza ilifunguliwa Milimani mwaka 2021 na sasa ziko katika miji mingine mingi. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60, na haifungwi na zile kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo ujumbe wako wa WhatsApp na wa M-Pesa una nafasi. Ila kumbuka naye anaweza kuleta dai kinzani pale pale, na kama mbwa bado yuko kwako siku hiyo, utakuwa umemwandikia wewe dai lake.

Kwa mgeni wako anayefuata, usinunue mkataba wa kurasa nane kutoka mtandaoni. Watu hawausomi, nawe huusomi. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha, mradi ujibiwe kwa maneno na si kwa kidole: kliniki gani, mpaka shilingi ngapi niamue mwenyewe usipopatikana, nani mwingine nimpigie, na nani analipa kliniki. Hilo la mpaka wa pesa ndilo watu huona aibu kulitaja, na ndilo linalowafikisha kwangu. Siku ya kupokea, mkague mbwa mbele ya mwenyewe: masikio, kati ya vidole, chini ya mkia. Ukikuta kupe, mpige picha akiwa bado amegandama, mwenyewe akiona. Tazama kitabu cha chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikiwa imepita muda, usimpokee, kwa sababu akimng'ata mtoto wa jirani wewe ndiye uliyekuwa na mbwa mkononi. (Likitokea, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe siku 10 akitazamwa. Lawama zitangoja.) Jioni moja picha, kila jioni, hata mbwa akiwa amelala tu. Picha hizo humtuliza mwenyewe akiwa likizo, na siku ya ugomvi ni daftari lako.

Jambo moja limenisumbua tangu niisome barua yako. Kama sindano aliyopewa Krismasi ni imidokabu, kama ilivyo desturi, wengi wetu huirudia baada ya siku 14. Hiyo ilikuwa jana, tarehe 8. Mbwa yuko kwako, mwenyewe yuko kwao, mmenuniana, na sidhani kama kuna aliyeikumbuka. Pigia kliniki uulize. Kama haijadungwa, mpitishe huko leo mkielekea kwa mama, na umpigie mama kabla sindano haijaingia.